Plagi za Ndege ya Sita

Mikono yangu ya grisi,
kucha zangu ni nyeusi,
wala sina wasiwasi
nikisema: si rubani.

Nilikuwa Thesalia,
baridi imetujia,
matope yanaingia
hata ndani ya sahani.

Ndege zilibaki sita,
mabega zimeyavuta
kama mtu akipata
baridi ya kisogoni.

Pangaboi tukishika,
tunalivuta, twaruka,
kikohozi kinatoka
cha moshi mle bombani.

Wao walikuja mia,
injini tatu, zalia
kama nyuki; kila njia
ikaishia shimoni.

Meja wetu, jina Rizo,
si mtu wa matangazo,
alisonya hata tuzo
akiitwa hadharani.

Glavu yake ilikuwa
moja; ya pili kapewa
mpishi aliyefiwa
na mwanawe mpakani.

Kulikuwepo na Foti,
mdogo kuliko koti,
homa, hawezi kuketi,
anatapika ndooni.

Hata hivyo kila mara
akisikia king'ora
anajikongoja, bora
aingie tu kitini.

Simu ikalia saa
tisa usiku, na njaa.
Athene, mtu kakaa
na ramani mapajani:

“Zote sita zisafiri
asubuhi, kwa amri!”
Meja akatafakari,
kanitazama usoni.

“Mheshimiwa, ni tano.
Ya sita haina meno,
plagi zimeliwa mno,
fundi yuko injinini.”

Fundi nilikuwa nala
mkate wangu, na wala
plagi hazina suala:
mpya, toka sandukuni.

Simu chini. Akanena:
“Kudanganya ni laana.
Nenda ufanye, kijana,
iwe kweli, mle ndani.

Yule wa homa alale;
akija kwa makelele
mwambie: ndege ni ile,
imekufa uwanjani.”

Nikazifungua zote,
nazitia kama kete
mifukoni, zisilete
mlio hapo gizani.

Kukapambazuka. Tano
zikaondoka. Mkono
wa Meja, mtupu mno,
ukapunga dirishani.

Foti akaja na koti
akikimbia; hapati
cheche. Akapiga goti,
akalia matopeni.

Tukangoja. Saa mbili.
Sikio langu ni kali:
injini ikiwa mbali
naijua, ni ya nani.

Maharage yakapoa,
mpishi hakupakua,
mvua ikanyunyua
mabegani na vichwani.

Ya kwanza yatua kwetu,
ya pili, kisha ya tatu
imejaa damu. Watu
tukatazama angani.

Tukatazama na jua
likazama. Nikajua.
Mpishi aligundua,
kavua glavu jikoni.

Simu tena: “Meja wapi?
Ndege zenu sasa ngapi?”
Nikajibu neno fupi:
“Nne.” Plagi mfukoni.

Foti hakunisamehe.
Miaka, hata sherehe
ya bintiye; tehetehe
zilinipita njiani.

Siku moja: “Fundi, somo
hili halina kikomo:
naishi, lakini simo,
niko naye kileleni.”

Nauliza hata leo:
je, kwa sita, matokeo
yangekuwa haya? Cheo
hakina jibu, jamani.

Nimewaona vigogo
wakijenga jina dogo
liwe la shaba, kwa pigo
la nyundo, pale bustani.

Rizo hana. Ana plagi
moja tu, haina rangi,
imeshika kutu nyingi,
ipo kwangu dirishani.

Ndege za leo hupita,
pangaboi la kuvuta
hazina. Nami nafuta
vumbi la plagi, jioni.