Gogo Lisiloisha

Kerttu aliileta diski ndani ya soksi ya sufi,
Januari, mjini Oulu, saa tisa alasiri na giza limeshatanda.
"Ya mwanangu Tarmo," alisema. "Amekufa na neno lake."

Simu ilitangulia. Tarakimu nne tu,
njia elfu kumi; mashine ikazipita
kabla birika halijachemka.
"Mwaka aliozaliwa mbwa wetu," Kerttu akacheka.
"Hata mimi ningebahatisha."

Ikabaki diski.
Ilpo fundi akapanga mikono sita ya chuma,
kila mkono ukibisha mara laki kwa sekunde,
hodi hodi hodi, bila kuchoka, bila haya,
na ndani kimya.
Si kimya cha nyumba tupu:
cha mtu aliyeketi kitandani, anasikia, hainuki.

Lugha ninayoandikia ina msemo,
bandu bandu huisha gogo.
Aliyeusema alikuwa ameliona gogo, ncha hii na ncha ile.

"Herufi nane ndogo, siku nne," Ilpo alieleza,
akiandika kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha.
"Tisa, miezi mitatu na ushei.
Kumi, miaka saba na nusu.
Kumi na moja, mimi na wewe hatutakuwepo,
na jengo hili sina hakika nalo."
"Yeye alitumia ngapi?"
Kwenye pochi ya marehemu palikuwa na kikaratasi:
*maneno saba, ya kurusha dete, yako kichwani.*
Ilpo akaufuta ukungu kwa kiganja.
Hakutaja jua litakalozimika kwanza.

Kila Alhamisi alikuja.
Mashine zilipumua moto kama mkate mpya,
naye akatandika glovu zake juu yake, zikauke,
akafuma, akasimulia:
Tarmo wa miaka sita, uchi, mwekundu, ndani ya sauna,
akimfokea kila aingiaye,
"Mlango! Joto linatoka!"

Je, alimficha nani? Mwizi? Mwajiri? Mama?
Hesabu haina mjomba.
Aliye nje yu nje,
awe na bisibisi au na picha ya ubatizo.

Mwezi wa Machi theluji ikaanza kudondoka kutoka paani.
"Zima," alisema.
Ilpo akasita, mkono kwenye swichi.
"Pengine kesho..."
"Wewe mwenyewe ulinionyesha dirishani."

Feni zikapungua, zikapungua,
tukasikia friji ya chumba cha pili
na gari la kukwangua barabara.
Diski ikarudi ndani ya soksi.

"Alifunga vizuri," akasema mlangoni,
kama mtu anayesifu kazi ya seremala,
kisha akageuka aulize bei.

Umeme, euro mia nne na tisa.
Glovu zilikuwa zimekauka.