Mfuniko

Nyumbani walisema: ukimgusa vunjajungu,
chungu cha kwanza utakachoshika kitapasuka.
Mimi namgusa kila siku tangu Machi
na sufuria zangu hazijui kupasuka.
Zinabonyea tu.

Namfuga dirishani, ghorofa ya nne, Ngara,
ndani ya kopo la peremende nililoomba dukani,
mfuniko nimeutoboa kwa msumari wa moto.
Kijani cha ganda la ndizi mbichi.
Wengine husema anasali.
Mimi naona anapima.

Panzi namtolea kwenye ua wa kayaba nyuma ya shule.
Huanzia shingoni, polepole,
mabawa akayaacha yadondoke kama maganda ya njugu,
kisha hujifuta uso.
Adabu ya mezani anayo.

Dume nilimwona Mei, mvua ilipokatika,
chini ya taa ya lango,
kahawia, mwembamba kama njiti ya kiberiti.
Wiki ile mshahara ulichelewa.
Tokeni za umeme ziliisha Jumanne,
nikanywa chai ya rangi, nikalala.
Siku tatu sikumpelekea jike hata nzi.
Jumamosi nikafungua mfuniko, nikamtia bwana,
nikafunga.

Alimwendea kwa nyuma.
Hatua moja, kituo.
Upepo ukitikisa pazia, naye hutikisika,
ajifanye jani.
Jike akigeuza kichwa, yeye ni kijiti.
Saa nzima, shibiri moja.
Sijawahi kubembelezwa kwa subira kiasi kile,
na nimeolewa mara mbili.

Akaruka. Akashika.
Vipapasio vikampigapiga mgongoni
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba aliyokwisha kuingia.
Wakatulia. Nikaenda kufua.

Niliporudi, kichwa hakikuwepo.
Jike amejipinda nusu, anatafuna jicho,
na mwili wa yule bwana, huko nyuma,
bado uko kazini,
tena kwa bidii zaidi,
kana kwamba kichwa ndicho kilichokuwa kinamchelewesha.

Njogu, fundi wa mita, alicheka huku ameshika shingo yake:
Ndivyo mlivyo.
Mama Chebet wa mlango wa pili akasema
huyo angalau amemaliza mahari.
Hadithi ikashuka ngazi kabla yangu,
na ilipofika langoni
vunjajungu alikuwa mimi.

Nilicheka nao. Usiku sikulala.
Kwenye kayaba kuna miiba elfu na njia elfu,
dume akitaka kuruka, anaruka.
Na jike wa kule hakai siku tatu
akitazama plastiki.

Watu wa Pwani, Shaabani ikielekea kwisha,
hula vunjajungu, karamu ya kuagana na chakula
kabla mwezi haujaandama.
Huyu wangu alipinduliwa kalenda:
alifungishwa kwanza,
bila nia, bila daku,
na mgeni alipoletwa mlangoni
akaona sahani.

Nani aliyemfungisha?
Mkono uliobana mfuniko ule
una kovu la msumari wa moto kidoleni.
Naujua mkono huo.

Leo alfajiri amebandika povu kwenye kijiti.
Hadi saa nne limekauka, gumu, rangi ya chapati.
Ndani mna watoto wasio na idadi
na baba yao,
kwa namna ile nyingine.
Nimempa panzi wawili wanono.
Hakuwagusa.

Mfuniko nimeuweka mezani, dirisha nimelifungua wazi.
Yuko ukingoni, kichwa kinazunguka taratibu,
kinaangalia paa za mabati, nguo kwenye kamba, mimi.
Kinarudi kwangu.

Kuna chungu kimoja cha udongo ninacho, cha mama,
hakijawahi kuona moto wa Nairobi.
Nimekishusha, nimekifuta vumbi,
nimekirudisha rafuni
kwa mikono miwili.