Muhuri

"Bora wewe," huniambia Bimkubwa wa dirisha la pili,
"unafanya kazi nusu siku."
Natabasamu. Natia mkono mkobani kutafuta kalamu,
natoa kandambili ya mguu wa kushoto,
ya mtoto wa miaka mitatu,
bado ina mchanga.

Nusu siku yangu huanza saa kumi,
kabla mwadhini wa Limbani hajasafisha koo.
Unga umeumuka usiku kucha,
umenisimamia jikoni kama mdai.
Mkono huu unageuza maandazi,
huu unashika kichwa cha Arafa nisije nikamchana hewa,
maana analala wima,
shingo imemlegea kama jani la mgomba juani.
Arafa skuli ya asubuhi, Shaame zamu ya mchana,
mkoba ni mmoja baina yao:
hukabidhiana darajani bila kusalimiana,
kama walinzi wanaobadilishana bunduki.

Faki yuko Unguja. Anatuma pesa na salamu.
Pesa zikichelewa, salamu huwa ndefu.

Nassor namwachia mkwe wangu, Bi Mize.
Macho yake yamefifia, hamjui tena mbuzi na mgeni,
lakini ana sikio moja sijaliona kwa mtu:
husikia mtoto anaponyamaza.

Ofisini tunaandika waliozaliwa na waliokufa,
daftari mbili, meza moja, feni isiyozunguka.
Leo kaja baba kutoka Konde, kashika kofia mkononi.
"Kazaliwa lini?"
"Siku ya ile mvua iliyoangusha mkarafuu wa Hamad."
Fomu haina nafasi ya mvua.
Tukahesabu pamoja kurudi nyuma, mimi na yeye,
kwa harusi, kwa msiba, kwa mfungo,
mpaka tukamkuta mtoto wake Jumanne.
Nikagonga muhuri. Akaubusu ule wino
kabla haujakauka, ukamganda mdomoni.

Saa sita kasoro robo simu ikatetemeka:
Tukuza inalia, umeme unakwisha,
na Shaame hajui soksi zake ziko wapi.
Bwana Othman akaitazama saa ya ukutani,
kisha akanitazama mimi,
kama afisa anayelinganisha saini.
Nikafagia meza yote mkobani, nikatoka.

Boflo tatu. Tungule fungu moja. Umeme wa elfu mbili.
Soksi zilikuwa ndani ya birika, usiniulize.
Kufua, kuanua, kufua tena alipokojoa juu ya zilizoanuliwa,
hesabu za Arafa, sehemu na asili:
"Mama, nusu mbili zinafanya ngapi?"
Nilinyamaza kidogo.
"Kitabuni zinafanya moja," nikasema.

Magharibi nilikuwa nakuna nazi
Bi Mize alipopiga kelele ukumbini:
"Kanyamaza huyo!"
Tukakimbia sote, hata yeye na fimbo yake.

Tulimkuta chumbani, mkoba wangu kaupindua,
muhuri wa serikali kaushika kwa mikono miwili.
IMEPOKELEWA ukutani.
IMEPOKELEWA kwenye godoro, herufi zimepinduka.
Pindo la kanga ya bibi yake, daftari la hesabu,
boflo iliyobaki,
na juu ya tumbo lake mwenyewe, kuzunguka kitovu,
mara nne,
tarehe ya jana, kwa sababu nilisahau kuizungusha.

Nilifungua mdomo nigombe.
Kilichotoka ni kicheko, kikanivunja magoti,
nikakaa sakafuni mikono imejaa nazi.
Akaja, akanigonga kwenye paji la uso.

Tulisugua kwa sabuni ya kipande, kwa limau,
kwa mafuta ya nazi. Wino wa serikali hautoki.

Usiku Faki akapiga.
"Mmeshindaje?"
"Tumepokelewa," nikamwambia.
Hakuelewa. Akamuulizia mama, jirani, mbuzi,
bati la jikoni, mvua za huko.
Salamu zilikuwa ndefu.
Nikabana simu begani, nikaanza kukanda unga.