Tarehe Mosi Januari

Kurasa hazifunguki tangu Jumatatu.
Nimeizima kompyuta, nimeiwasha, nimeizima tena,
kama anayempiga mtoto mgongoni akipaliwa na maji.

Modemu nimeiweka kidakani,
palepale mama alipoweka bakuli la Kichina lenye ufa.
Taa nne, zote kijani, hazipepesi:
mtandao umefika, umebisha hodi,
ila humu ndani hapana wa kuitikia karibu.

Kwanza nikaulaumu ukuta.
Ukuta wa Mkomani, dhiraa nzima ya mawe na chokaa,
haupitishi jua la mchana wala ugomvi wa jirani,
utapitishaje kitu kisicho na mwili?
Nikavuta waya hadi mezani. Hali ileile.
Nikamlaumu paka. Nikaupekua waya shubiri kwa shubiri
nikitafuta alama za meno,
kisha nikamlipa fidia ya kichwa cha changu.
Nikailaumu kampuni. Binti wa kampuni, sauti ya sharubati,
akaniuliza: "Mama, una hakika umeiwasha?"
Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, mwanangu.
Nimeiwasha.

Na fomu ya pensheni inafungwa Ijumaa,
ile ya kuapa kila mwaka kwamba sijafa.

Akaja Fumo, mjukuu wa Mwana Zaharia wa nyumba ya pili,
shavu moja limejaa halua.
Akafungua dirisha jeusi, akaandika neno moja,
na mashine ya mbali, sijui iko bara gani, ikajibu:
nipo, nipo, nipo, nipo.
"Njia ni safi, Bi Mwalimu. Kurasa ndizo zinazokataa."
"Zinakataa kwa nini?"
"Inasema vyeti vyake bado havijaanza kutumika."

Bado.
Mwalimu wa hesabu halipiti neno kama hilo.
Nikavaa miwani, nikatazama pembeni, chini, kulia,
pale ambapo jicho halina desturi ya kwenda:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.

Stima zilikatika Jumapili usiku.
Kumbe mashine ilipozinduka ilikuwa imesahau kila kitu,
na kila ukurasa uliokuja na cheti chake mkononi
iliuona tapeli aliyetoka kesho.

Elfu mbili na tisa Shee alikuwa hai.
Ndio kwanza ameileta kutoka Mombasa,
imefungwa blanketi juu ya punda, toka gatini hadi hapa,
mkono wake juu yake njia nzima kama anamsindikiza bibi harusi.
Ndiye aliyeitundika saa ile ukutani, akaitegesha Kiswahili,
jua likitua mishale yote juu.
Mimi yangu ya mkononi ilifuata kengele ya shule.
Tulitofautiana saa sita, kitanda kimoja,
na hatukuchelewana hata siku moja.

"Fumo, usiiguse kwanza."
Akanitazama.
Nikamwambia anipatie maji. Sikuwa na kiu.

Betri yenyewe duara, nyembamba, kama shilingi.
Fundi Mbwarali wa Langoni aliitoa kwenye kopo la karanga,
akataka mia na hamsini, nikampa mia.
Fumo akafungua ubavu wa mashine: vumbi,
sisimizi waliokauka, na kokwa moja ya tende
ambayo sina haja ya kuuliza iliingiaje.
Nikaiweka kidakani, kando ya modemu.

Tarehe niliiandika kwa mkono wangu. Siku, mwezi, mwaka,
huo mwaka nikaukosea mara mbili.
Kurasa zikafunguka zote kwa mpigo, hata nilizokwisha kuzisahau:
bei ya saruji, dawa ya goti, hali ya hewa ya juzi.
Fomu ikauliza: Je, ungali hai?
Nikabofya. Ikazunguka, ikazunguka, ikauliza tena.

"Nipo," nikasema, kwa sauti.

"Haisikii, Bi Mwalimu," akasema Fumo. "Bofya."