Mlango wa Stoo

Nestor hakuwa mtu wa barua.
Alichokuwa nacho cha kusema alikiandika kwa penseli
upande wa ndani wa mlango wa stoo,
pale unapojifungia kufuata viazi
na balbu inakuning'inia usoni.
Miaka arobaini na minne ya hali ya hewa:
tarehe, kipimo cha joto, upepo umetoka wapi.
Basi.

Leo ni tarehe kumi na saba Machi
na Saskatchewan bado imekunja ngumi.
Gari nimelichomeka kwenye umeme kama mgonjwa.
Theluji ya uani si nyeupe tena, ni ya kijivu,
ina magamba, kama mkate uliosahauliwa kabatini.
Nilikwenda kufuata viazi, nikakaa kusoma.

Huu hapa mwaka wa theluji iliyofika paa la ghala.
Ng'ombe walivuka uzio bila kujua kuna uzio.
Asubuhi tukawakuta kwa kina Hrynchuk,
wamesimama, wanatafuna, hawana habari.
Mzee Hrynchuk akadai fidia ya nyasi kavu.
Tulimlipa kabichi. Hakutusemesha hadi Pasaka.

Huu wa ukame. "Vumbi." "Vumbi." "Vumbi."
Siku kumi na tisa, neno moja.
Dalili ya mvua ni mawingu, watu husema;
mawingu yalikuja, yakatuchungulia,
yakaondoka kama wageni waliokosea nyumba.
Ngano ilitufika vifundoni.
Nilianika shuka nyeupe, nikaanua za hudhurungi.
Mama mkwe akasema heri baridi, baridi angalau ni safi.
Nilimchukia siku ile.

Na Aprili hii iliyotudanganya:
jua siku tisa mfululizo, maji yanakimbia mitaroni,
mplamu wetu ukaamini, ukatoa maua.
"Mei 8. Hasi sita. Plamu basi."

Kuna mstari mmoja nilioukasirikia miaka mingi.
Januari, usiku aliozaliwa Darka.
Simu imekatika, barabara imefutika,
mimi nimeuma foronya,
na yeye nje gizani anapasha injini kwa karai la makaa
ili akamlete nesi kutoka ng'ambo ya reli.
Nilidhani mlango utataja jina la mtoto.
Au uzito wake. Au, Mungu nisaidie, jina langu.
Mlango unasema:
"Hasi arobaini na moja. Kaskazini. Trekta imewaka."

Trekta imewaka!
Nilimsimulia dada yangu, tukacheka hadi machozi,
na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Leo nimeyapapasa maneno yale kwa kidole.
Mistari mingine yote ni myepesi, ungeifuta kwa kiwiko.
Huu ameukandamiza mpaka ubao umebonyea.
Nukta ya mwisho imetoboa rangi.

Darka hupiga simu kutoka Regina kila Jumapili.
Mama, hama, huku kuna lifti, kuna joto la bomba.
Namjibu kwamba nyanya zimeota.
Ni kweli: miche kumi na mmoja, kwenye makopo ya mtindi,
imeegemea kioo cha dirisha, shingo upande,
kama inayosikiliza gari likija kwa mbali.
Siiahidi kitu. Niliwahi kuuona mplamu.

Lakini nataka siku moja ya kukaa ngazini bila koti.
Nataka harufu ya tope, buti linalonasa na kutoa sauti ya aibu.
Nataka mbu, naam, hata mbu,
niwatukane kwa Kiukraine kama alivyofanya mama mkwe,
ambaye, nakiri, kuhusu vumbi alisema kweli.

Saa nane mchana nimesikia kitu upande wa jikoni.
Nimetoka na slipa, nikasimama, nikangoja kitu kijirudie.
Hakikujirudia.
Ila kwenye theluji chini ya paa palikuwa na tundu
dogo, la duara, kana kwamba limetobolewa kwa penseli.

Yake bado imefungwa kwa uzi kwenye msumari.
Chini ya mwandiko wake, kwa mara ya kwanza, wangu:
"Hasi tisa. Kusini. Tone moja."

Viazi nimevisahau.