Kioo cha Yuro Kumi na Tisa

Dukani kwa Brais, mjini Ourense, mvua imesimama mlangoni
kama mdai.
Ametandaza vichujio vitatu juu ya kitambaa:
cha yuro mia na arobaini, sikukigusa;
cha tisini, nilikigusa nikakirudisha;
cha kumi na tisa kimekwaruzwa ukingoni, hakina hata kasha.

"Chema chajiuza," Brais akasema.
Kweli, lakini hakijiuzi kwa mshahara wa mwoka mikate.

Nikaomba simu yake. Nikakishika kioo mbele ya skrini,
nikakizungusha taratibu, robo duara,
na picha ya mwanawe ikazama gizani.
Nikakirudisha: akaibuka, angali anacheka.
Basi si kipande cha dirisha.
Nikakiweka juu ya karatasi nyeupe: ukijani kidogo,
kama chai ya mnanaa iliyosahauliwa mezani.
Ukijani nitausamehe.
Mdomo wake milimita hamsini na nane, lenzi yangu hamsini na mbili;
pete ya kuviunganisha, yuro nne.
Nikahesabu sarafu mpaka za shaba.

Sitafuti mawingu, Brais.
Anga liwe buluu au lisiwe, shauri lake.

Jumapili nikampeleka baba bwawani.
Kijiji chao kiko chini humo tangu ana miaka tisa,
na kila tukienda, maji hutuonyesha sisi wenyewe:
nyuso zetu, misonobari, wingu moja,
kama mwenyeji anayesema sana ili usipate nafasi ya kuuliza.

Nikazungusha.
Mwanga ukapungua, picha ikawa nzito,
kisha mng'ao ukajivuta pembeni
kama malai juu ya maziwa, ukiyaengua kwa kijiko.
Ngazi. Ukuta.
Kizingiti cha jiwe, kimepasuka katikati.

Baba akainama kwenye kamera.
Nilisikia pumzi yake tu, na matone kwenye kofia.
Kisha: "Hapana. Huo si mlango wetu.
Huo wa Remedios,
aliyetuahidi mtoto wa mbwa, akatunyima."

Akanipokonya kamera,
yeye ambaye hajawahi kupiga picha maishani,
akaelekea kushoto, ndani ya matope,
vidole viwili kwenye pete,
akizungusha,
akizungusha.