Hakuna Aliyerudi Kulalamika

Aikande alikuja na daftari la mahesabu,
akalifungua juu ya jeneza ambalo halijapakwa vanishi,
akasema: mwaka mzima nimemlipa Senkondo
samaki mmoja katika kila watatu, kwa kukodi tu.
Nimechoka kumlisha mwenye boti.
Kaka, niundie yangu.

Karakana yangu iko Pasua.
Jina la mtaa ndiyo kazi: napasua, naranda, napigilia.
Vitanda, makabati, milango ya wanaojenga Soweto,
na majeneza, miaka kumi na tisa ya majeneza,
wala hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika
kwamba langu linavuja.

Boti, mteja wake hurudi.
Au asirudi.

Nikamwambia: nunua.
Lang'ata kuna moja, milioni na laki nane,
imeshaingia majini, imeshakosea makosa yake yote.
Mimi seremala wa mlimani.
Mkuku, taruma, kalafati:
maneno hayo niliyapata kwa mtu mmoja wa Tanga
aliyekuwa akija kuchukua maranda ya kutandikia kuku wake,
nikayatunza kama funguo za nyumba nisiyoijua.

Hakubishana. Aligeuza ukurasa.
Upande wa pili alikuwa ameshaandika:
mbao za mkangazi, kumi na nne,
misumari isiyoshika kutu, kilo sita,
lami, pamba,
ufundi wa Anaeli
na mbele ya jina langu hakuweka kitu,
si sifuri, si kistari.

Jumamosi tukaenda kuiona hiyo ya Lang'ata.
Maji ya bwawa yalikuwa yamerudi nyuma,
yameacha visiki vyeupe vya miti
iliyozama kabla sisi hatujazaliwa.
Boti imelala ubavu, buluu yake mpya mno.
Nikaigonga kwa kifundo cha kidole
kama ninavyogonga mbao kabla sijataja bei.
Omo ikajibu. Ubavu wa kulia ukajibu.
Karibu na tezi, chini ya ile buluu, kimya.
Nikachomeka bisibisi
ikazama kama kijiko kwenye mtori.

Mwenye boti akatazama milima ya Upare.
Aikande akanitazama mimi.

Njia nzima hatukusema.
Vumbi, mkonge, kisha mashamba ya miwa,
na mlima umejifunika kama kawaida yake
siku unapotaka ushauri.
Nilikuwa napiga hesabu isiyo ya daftari:
ya kununua ina kosa la mtu nisiyemjua,
limepakwa rangi.
Ya kuunda itakuwa na kosa langu.
Nitajua liko ubao wa ngapi, msumari wa ngapi,
na kila alfajiri upepo ukivuma huko bwawani
nitakaa kitandani nimeshika simu
nikisubiri dada yangu aseme amefika ufukweni,
leo wamepatikana perege, wadogo wadogo.

Lipi zito, sijui mpaka sasa.

Lakini jioni ile nilisukuma jeneza kando,
nikafagia sakafu, nikatafuta chaki.
Nikamwambia: njoo nikupime.
Akarudi nyuma hatua moja.
Mtaa mzima unajua mimi huwapima akina nani.

Hao huwapima wamelala, nikasema. Wewe keti.

Akaketi juu ya gogo, akakunja magoti,
nikampa fagio alishike kama kasia.
Nikapima mkono unapofika ukivuta,
kiuno kinapogeuka kutupa wavu,
mahali pa ndoo, mahali pa kijana wa kukumba maji
(maana yataingia, dada, nisikudanganye,
yangu itavuja kwanza).
Yeye anacheka, anapiga kasia kwenye vumbi la mbao.

Chaki ikafuata, ikapinda, ikafika mlangoni
na omo bado ina futi mbili,
zikatokea nje, barabarani, mbele ya muuza mkaa.
Akauliza: hiyo nini?

Kesho naanza kwa kung'oa mlango.